Dawa mseto ya maumivu sugu: mnunuzi wa hisa alinunua nini?

Mwekezaji aliyenunua hisa 100 za kampuni ya Virios Therapeutics zilipouzwa kwa umma nchini Marekani Desemba 2020 alilipa dola 10 kwa kila hisa, jumla dola 1,000. Kufikia katikati ya Oktoba 2024, kama hakuwa ameuza, alikuwa na hisa 4. Kampuni ilikuwa imeunganisha kila hisa 25 kuwa moja. Ili fedha yake irudi nzima, kila hisa mpya ingelazimu ipate mnunuzi wa dola 250.

Bidhaa iliyomvuta ilikuwa dawa mseto. Neno hilo si geni kwa wenye maduka ya dawa hapa kwetu, maana tangu Tanzania ilipoiacha SP mwaka 2006 tiba ya malaria imekuwa ya mseto. Tofauti ni kwamba katika malaria adui anajulikana na anaonekana kwa hadubini. Mseto wa Virios ulilenga faibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima, uchovu na usingizi usioshibisha, unaowapata zaidi wanawake. Chanzo chake hakijakubaliwa na wataalamu wote.

Wazo lilianzia Tuscaloosa, jimbo la Alabama. Daktari wa upasuaji William Pridgen aliona kwamba baadhi ya wagonjwa wake wenye matatizo ya tumbo yasiyokwisha, ambao pia walilalamika maumivu ya mwili, walipata nafuu alipowapa dawa ya virusi pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe. Alishirikiana na Carol Duffy, mtaalamu wa virusi wa Chuo Kikuu cha Alabama, na mwaka 2012 ikaanzishwa kampuni ambayo baadaye iliitwa Virios.

Hoja yao ilikuwa hivi. Virusi vya HSV-1, vile vinavyoleta vidonda vya midomoni, vikishaingia mwilini havitoki. Hujificha katika mishipa ya fahamu na kuamka mara kwa mara. Famsikloviri huzuia virusi vilivyoamka visijinakili, lakini haivigusi vilivyolala. Virusi hivyo navyo, katika kuamka na kuzaana, hutumia kimeng'enya cha mwili kiitwacho COX-2, ambacho ndicho huzuiwa na selekoksibu, dawa ya uvimbe na maumivu ya viungo. Kwa hiyo dawa moja inavibana virusi na ya pili inavinyima nyenzo. Kama kweli virusi ndivyo vinavyochochea maumivu, mgonjwa apone. Neno "kama" katika sentensi hiyo ndilo lililobeba mtaji wote.

Si kwamba wazo lenyewe ni la kubabaisha. Wakati wa Uviko-19, jaribio la wagonjwa 1,033 liliunganisha remdesiviri, dawa ya virusi, na barisitinibu, dawa ya kutuliza uvimbe. Muda wa kawaida wa kupata nafuu ulishuka kutoka siku 8 za waliopewa remdesiviri peke yake hadi siku 7, na Novemba 2020 serikali ya Marekani ikaruhusu mseto huo kwa dharura. Lakini pale kirusi kilikuwa kimethibitishwa kwa kila mgonjwa.

Sasa tuangalie mali iliyokuwa bohari. Famsikloviri iliidhinishwa Marekani mwaka 1994 na selekoksibu mwaka 1998. Hadi hisa za Virios zinauzwa, zote mbili zilikuwa zimekwisha kupoteza ulinzi wa hataza, na viwanda vingi vilikuwa vikizitengeneza kwa bei ya chini. Kampuni haikumiliki dawa yoyote kati ya hizo. Ilichomiliki ni hataza juu ya matumizi ya pamoja. Tena daktari wa Marekani hazuiwi na sheria kumwandikia mgonjwa dawa mbili za bei nafuu, kila moja na chupa yake. Ili watu walipe zaidi kwa kidonge kimoja chenye vyote viwili, lazima kuwe na ushahidi ulioidhinishwa. Wafanyabiashara wa zamani wa pwani walikuwa na mali kauli, bidhaa iliyochukuliwa kwa kuaminiana ilipwe ikishauzwa. Hapa mwekezaji alilipa taslimu, akapewa kauli bila mali.

Kauli hiyo mwanzoni ilipendeza. Jaribio la kwanza lilihusu wagonjwa 143 kwa wiki 16, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Waliopewa mseto walipungukiwa maumivu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Soko nalo lilikuwa wazi, kwani dawa tatu za ugonjwa huu zilizoidhinishwa Marekani, yaani Lyrica, Cymbalta na Savella, zilipita kati ya 2007 na 2009, na hazikupata mwenzao hadi Agosti 2025 ilipopitishwa Tonmya. Kwa mwuza hisa, hayo ni maneno matamu.

Septemba 2022 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa zaidi, lililopewa jina FORTRESS, la wanawake zaidi ya 400. Kipimo cha takwimu kilitoka 0.302. Msomaji asiogope desimali. Maana yake ni kwamba hata kama mseto haufanyi kazi kabisa, tofauti kama ile ingeweza kutokea kwa bahati mara 30 katika kila majaribio 100, wakati kiwango kinachotakiwa ni chini ya mara 5. Bei ya hisa ilipoteza zaidi ya nusu siku hiyo hiyo.

Kampuni ilijitetea kwamba wagonjwa ambao hawajawahi kushiriki majaribio mengine ya faibromialjia walifanya vizuri. Huenda ni kweli. Lakini kuchagua kundi baada ya kuona matokeo ni sawa na kuchora goli baada ya mpira kutua, na soko halikuikubali hesabu hiyo. Isitoshe, kanuni za Marekani zinataka kila dawa ndani ya kidonge mseto ionyeshe mchango wake. Majaribio yote mawili yalikuwa yamepima mseto mzima dhidi ya kidonge kitupu, hivyo hata ushindi ungefuatiwa na gharama nyingine. Jambo hilo mwekezaji mdogo hulisahau. Anadhani tangazo zuri ndilo mwisho wa safari.

Wenye maduka ya dawa nao wasijaribu kuuza mseto huu kienyeji. Selekoksibu ni ya jamii moja na Vioxx, iliyoondolewa sokoni mwaka 2004 kwa sababu ya hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, na tangu 2005 hubeba onyo zito Marekani.

Virios haikuacha mara moja. Ilidhamini utafiti katika kituo cha Bateman Horne, Salt Lake City, wa kuunganisha selekoksibu na valasikloviri kwa walioachiwa uchovu na Uviko. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha nafuu, ila wagonjwa walikuwa wachache na kila mmoja alijua anameza nini.

Oktoba 2024 kampuni iliungana na Wex Pharmaceuticals na kuitwa Dogwood Therapeutics. Mradi uliowekwa mbele ni Halneuron, dawa ya maumivu ya mishipa yanayoletwa na tiba ya saratani. Imetokana na tetrodotoksini, sumu ileile ya samaki bunju ambayo wavuvi wetu wanaiogopa. Aliyebaki na hisa zake 4 akajikuta mbia katika biashara ya sumu ya bunju, ambayo haikuwamo katika waraka wa matarajio alioununulia Desemba 2020.