Mpito wa Picha Usiomhadaa Mteja

Kina mama na mabinti wengi wa pwani yetu wanaochora hina, kushona mabuibui au kupika vileja majumbani, siku hizi hutafuta wateja kwa video fupi za simu. Mtazamaji huamua kwa sekunde chache tu kama atabaki au atapita. Mara nyingi kinachomshika ni mpito, yaani namna picha moja inavyoipisha nyingine: kiganja kitupu kinaziba kamera, kisha kinarudi nyuma kimejaa maua ya hina. Tumeona ni vyema tuueleze ufundi huo, pamoja na amana iliyomo ndani yake, kwa mfano huo wa hina.

Ujanja wenyewe ni mkongwe. Mwaka 1896 mjini Paris, Georges Méliès, fundi wa mazingaombwe aliyeingia katika filamu, alionyesha mwanamke aliyefunikwa nguo akitoweka kitini. Kamera ilisimamishwa, mwanamke akaondoka, kisha upigaji ukaendelea. Simu zetu hufanya vivyo hivyo.

Kwanza, simu itulie. Iegemezwe mahali pamoja, na pale mkono unapowekwa patiwe alama, ili picha ya pili ilingane na ya kwanza. Pili, mwanga usibadilike: dirisha lile lile, saa ile ile. Katika simu nyingi, ukiushikilia uso wa kioo kwa kidole kwa muda kidogo, mwanga wa picha hufungwa usichezecheze. Tatu, picha ikatwe katikati ya mwendo. Kipande cha kwanza kiishie kiganja kikiwa kimeziba lenzi. Cha pili kianze hapo hapo, kiganja kikirudi nyuma. Jicho hufuata mwendo, lisiuone mshono. Mpito mmoja uliotulia unatosha kwa video moja. Uso hauhitajiki kabisa, jambo linalomfaa anayependa kujisitiri. Na mkono ukiwa wa mteja, idhini yake iombwe kwanza.

Sasa tuje kwenye amana. Mpito huruka wakati. Hina ya majani inapobanduliwa huacha rangi ya chungwa, nayo hukolea polepole kwa siku moja hadi mbili. Katika video, siku hizo mbili hupita kwa kufumba na kufumbua. Mteja asiyelijua hilo huja asubuhi ya harusi, akatoka na rangi hafifu, na kujiona amehadaiwa. Baya zaidi, huenda akadai piko apate weusi wa papo hapo, ilhali rangi hiyo ya nywele huwaunguza baadhi ya watu ngozi na kuwaachia malengelenge.

Dawa yake ni nyepesi. Juu ya picha ya pili yaandikwe maneno haya: “Baada ya siku mbili.” Mkono uwe ule ule, na rangi isiongezwe kwa programu ya simu. Kisha mteja aelezwe kwamba hina ya harusi ya Jumamosi ichorwe Alhamisi. Video hiyo itavutia vile vile, na bibi harusi atakayeletwa nayo ataingia ukumbini na mikono aliyoitarajia, inshallah.