Je, Wajua Kusoma Picha Kamili ya Damu?

Picha kamili ya damu ni kipimo cha maabara kinachohesabu chembe za damu na kupima hemoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni. Damu hutiwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuizuia isigande, kisha mashine huizimua na kuzipitisha chembe moja moja kwenye tundu dogo lenye mkondo wa umeme. Kila chembe ipitapo huuzuia umeme kidogo, na kadiri ilivyo kubwa ndivyo kizuizi kinavyoongezeka. Mbinu hiyo ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1953 kwa jina la Wallace Coulter.

Katika karatasi ya majibu, kila tarakimu huandikwa pamoja na kiwango cha kawaida. Hemoglobini, yaani wekundu wa damu, hutazamwa kwanza. Mwanamume mzima huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, na mwanamke asiye mjamzito chini ya 12. Kwa mjamzito kiwango hushuka hadi takriban 11, kwa kuwa mimba huongeza majimaji ya damu.

Ukubwa wa chembe nyekundu, unaoandikwa MCV, hudokeza chanzo cha upungufu huo. Chembe ndogo, chini ya femtolita 80, huashiria ukosefu wa madini ya chuma au ugonjwa wa talasemia. Kubwa, zaidi ya 100, huweza kutokana na ukosefu wa vitamini B12 au foleti.

Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Kwa kawaida mtu mzima huwa na bilioni 4 hadi 11 katika lita moja. Kati ya aina zake, neutrofili hupanda hasa bakteria wanapoushambulia mwili, limfosaiti katika maradhi mengi ya virusi, na eosinofili kwa minyoo au mzio. Hata hivyo, Waafrika wengi wenye afya njema wana neutrofili chache kuliko viwango vilivyopimwa Ulaya. Sababu ni jeni inayoziondolea chembe nyekundu protini ya Duffy, jeni ileile inayowakinga dhidi ya malaria ya aina ya vivaksi.

Chembe sahani husaidia damu kuganda jeraha linapotokea. Kawaida yake ni bilioni 150 hadi 450 kwa lita. Malaria na homa ya dengi huzipunguza.

Alama ya H humaanisha juu ya kiwango, na L chini yake. Lakini kiwango cha kawaida hupangwa kwa kuchukua watu 95 katika kila 100 wenye afya, hivyo watano wazima huangukia nje. Ndiyo maana daktari huyalinganisha majibu na dalili, umri, dawa anazotumia mgonjwa na vipimo vyake vya zamani. Majibu mazuri nayo hayamalizi yote: kipimo hiki hakipimi sukari, figo wala ini, na hakithibitishi malaria wala VVU. Kila kimoja kina kipimo chake.