Simu, gari na siasa vimejaa kichwani mwa baba, sahani ya mtoto anaiwaza nani?

Iringa. Mchukulie baba mmoja wa Kalenga, mwenye umri wa miaka 30 na ushee. Analima nyanya na vitunguu bondeni, kwa maji ya Mto Ruaha Mdogo, na ana watoto watatu. Mdogo wao ana miezi 14. Baba huyu hatumpi jina, kwa sababu katika vijiji vya Iringa, Njombe na Mbeya wanaofanana naye ni wengi.

Asubuhi anaamka akiwaza simu. Chaji haikai kama zamani, nafasi imejaa video za makundi ya WhatsApp, na jirani yake amenunua mpya yenye kamera tatu. Akiwa shambani anawaza gari. Je, msimu huu auze pikipiki, aongezee fedha za mavuno na kuagiza Toyota IST, au avumilie apate Noah ya kubeba abiria na mizigo?

Mchana kijiweni ni siasa na habari: bei ya mafuta, nani kateuliwa, nani katenguliwa, vita vya nchi za mbali vitaishaje. Jioni anarudi nyumbani, anakula ugali na mboga huku jicho moja likiwa kwenye simu, kisha analala.

Hakuna ubaya katika mawazo hayo. Mwanamume anayewaza chombo cha usafiri na kufuatilia mambo ya nchi yake anawaza maendeleo ya nyumba yake. Ila kuna swali ambalo halikupita kichwani mwake siku nzima: yule mtoto wa miezi 14 amekula nini tangu asubuhi, na amekula mara ngapi?

Kwa Iringa, swali hilo si dogo. Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoa huu unaongoza nchini kwa udumavu. Takriban watoto 57 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni 30. Njombe na Rukwa zinafuata, kila mmoja ukiwa na karibu nusu ya watoto wake katika hali hiyo.

Hii ndiyo mikoa inayojaza maghala ya mahindi, inayopeleka maharage, viazi na parachichi katika masoko ya Dar es Salaam na nje ya nchi. Chakula kipo. Tatizo ni kiasi gani cha chakula hicho, na cha aina gani, kinafika katika kibakuli cha mtoto.

Udumavu ni hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko anavyotakiwa kuwa kwa umri wake, kutokana na lishe duni ya muda mrefu na maradhi ya mara kwa mara. Ufupi ndio unaoonekana kwa macho, lakini ubongo nao huathirika, na mtoto anaweza kubeba athari hizo hadi darasani na ukubwani. Kipindi kinachoamua mengi ni siku 1,000 za kwanza, kuanzia mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Kikishapita, kurekebisha ni kazi ngumu.

Kwa hiyo mtoto wa miezi 14 amebakiwa na takriban miezi 10 ya dirisha hilo. Gari linaweza kusubiri mavuno ya mwaka kesho. Yeye hawezi.

Hesabu ya simu

Simu imeleta mengi mema vijijini. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mkulima anaweza kupokea malipo ya mazao bila kupanda gari kwenda benki mjini. Anauliza bei sokoni kabla ya kuvuna, na mjamzito akipata uchungu usiku, simu ndiyo inayomwita mwenye usafiri.

Ila simu ina gharama ambayo wengi hawaiandiki popote. Bando la shilingi 1,000 kwa siku halionekani kuwa kitu, lakini kwa mwezi ni shilingi 30,000. Hesabu hiyohiyo ifanywe kwa mtoto: yai moja kila siku kwa mwezi ni trei moja ya mayai 30. Baba aulize bei ya trei sokoni, ailinganishe na bando lake, ataona mwenyewe kama familia inashindwa kununua mayai au haijawahi kuyaweka kwenye bajeti.

Wenye kuku uani, jambo hilo ni rahisi zaidi. Kinachotokea katika nyumba nyingi ni kwamba mayai yanauzwa na mtoto anapewa uji mweupe wa mahindi, ambao humjaza tumbo lakini haumpi virutubisho vya kutosha.

Kuna gharama nyingine isiyo ya fedha. Siku hizi mtoto akilia au akigoma kula, anapewa simu atazame katuni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka mmoja pia haishauriwi, na kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Mtoto mdogo hulishwa vizuri na mtu anayemtazama usoni, anayemsemesha na kumsubiri ameze, na kazi hiyo si ya mama peke yake. Baba aliyerudi shambani anaweza kuweka simu pembeni kwa dakika 20 akashika kijiko.

Hesabu ya gari

Anayetaka kununua gari huanza na bei ya gari lenyewe. Lakini gari lililotumika likifika bandarini kuna ushuru na kodi, na lenye umri wa miaka minane na kuendelea hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu. Baada ya hapo kuna bima, matairi, spea na mafuta. Gari ni mlaji mwingine nyumbani, na huyu hakubali kulala njaa.

Mwaka 2022 ulitoa somo. Vita vya Urusi na Ukraine vilipanda hadi kwenye pampu za vituo vyetu, bei ya petroli ikavuka shilingi 3,000 kwa lita, na Serikali ikalazimika kutenga ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi Juni kupunguza makali. Mwenye gari aliyepanga bajeti yake kwa bei ya zamani alijikuta anachota kwenye fungu jingine. Fungu la kwanza kuguswa katika nyumba nyingi ni la jikoni: maziwa yanakatwa, dagaa wanapunguzwa, ugali unabaki.

Anayepanga kununua basi afanye hesabu ya miezi 12 ya kulitumia, si ya siku moja ya kulinunua. Ikionekana kwamba litaweza kujilipa bila kugusa fedha ya chakula, ni heri, kwa kuwa gari kijijini ni pia gari la wagonjwa la majirani.

Liwe gari au pikipiki, usalama nao uingie kwenye hesabu. Watu wa Iringa hawajasahau Machi 2015, lori lililobeba kontena lilipogongana na basi la abiria eneo la Changarawe, Mafinga, na kuua zaidi ya watu 40. WHO inasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa dereva na abiria wa mbele kwa hadi nusu, na kofia ngumu iliyofungwa vizuri hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa zaidi ya mara sita.

Hapa simu na gari hukutana vibaya. Dereva anayetumia simu akiwa barabarani yuko katika hatari ya kupata ajali takriban mara nne zaidi ya asiyeitumia. Ujumbe wa kijiweni unaweza kusubiri pikipiki isimame.

Hesabu ya habari

Kalenga ni mahali pa watu wanaojua uzito wa habari. Hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa, na ngome yake iliangukia mikononi mwa Wajerumani Oktoba 1894. Fuvu lake lilitajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lakini lilirudi nyumbani Juni 1954, miaka 35 baadaye. Leo jambo likitokea Ulaya asubuhi, Kalenga inalijadili kabla ya saa sita mchana.

Kasi hiyo ina faida. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, wananchi walilalamika, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Raia anayefuatilia mambo anaweza kusikika.

Lakini kasi hiyohiyo hubeba uongo, na uongo kuhusu afya huumiza haraka. Wakati wa Uviko-19 simu zilijaa ujumbe wa dawa za miujiza na vitisho kuhusu chanjo. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 2020 WhatsApp iliweka kikomo: ujumbe uliokwishasambazwa mara nyingi hutumwa kwenye kundi au mtu mmoja tu kwa wakati. Tanzania nayo ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayofanya kusambaza taarifa za uongo kuwa kosa. Kabla ya kusukuma ujumbe wa dawa ya kisukari au chanjo ya mtoto, muulize kwanza mhudumu wa afya wa kijiji.

Na kuna habari moja ambayo haisomwi kijiweni. Imeandikwa kwenye kadi ya kliniki ya mtoto: uzito wake wa mwezi uliopita na wa mwezi huu. Kina baba wengi wanayajua matokeo ya ligi ya Uingereza ya wiki nzima na hawajawahi kuifungua kadi hiyo.

Iringa iliwahi kuweza

Wapo watakaosema udumavu ni wa asili, kwamba watu wa hapa ni wafupi tu. Historia ya mkoa huu inawapinga.

Mwaka 1973 nchi nzima ilisikiliza kampeni ya Mtu ni Afya kupitia redio. Watu takriban milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, iliyohusu lishe. Redio moja ilitumikia kikundi kizima, na kila kipindi kiliishia kwenye kazi ya mikono.

Iringa ikaenda mbali zaidi. Kuanzia miaka ya 1983 na 1984, Serikali kwa kushirikiana na Unicef na WHO iliendesha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huu. Filamu kuhusu njaa iliyojificha ilionyeshwa vijijini. Watoto walipimwa uzito kila robo mwaka, na matokeo yalijadiliwa na kijiji kizima. Kijiji chenyewe kiliamua la kufanya: nani alee watoto wakati mama yuko shambani, nani apunguziwe kazi, nani asaidiwe chakula.

Kati ya mwaka 1984 na 1988, utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulishuka kutoka zaidi ya asilimia sita hadi chini ya asilimia mbili. Dunia ilikuja kujifunza Iringa. Hakukuwa na simu janja hata moja. Kulikuwa na mizani, na watu waliokubali kuwa uzito wa mtoto ni ajenda ya mkutano wa kijiji.

Afanye nini baba wa leo

Mtoto wa miezi sita hadi minane anatakiwa kulishwa mara mbili hadi tatu kwa siku pamoja na kunyonya. Wa miezi 9 hadi 23 anahitaji milo mitatu hadi minne, na kitu kidogo katikati ya milo. Kwa siku ambazo mama yuko shambani tangu alfajiri, lazima ijulikane nani anaulisha mlo wa saa nne na wa saa nane.

Kibakuli kisiwe na unga wa mahindi peke yake. Kiongezewe maharage yaliyopondwa, karanga zilizosagwa, yai, dagaa au maziwa, pamoja na mboga na tunda. Parachichi linaloanguka uani ni chakula cha mtoto pia. Mjamzito na anayenyonyesha nao wale vizuri na wapunguziwe mizigo mizito.

Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila robo mwaka. Baba aiweke kwenye kalenda ya simu yake, kama anavyoweka siku ya mechi. Aende mwenyewe na mtoto, aulize maana ya namba zinazoandikwa, apige picha ya kadi. Kundi la WhatsApp la ukoo au la wakulima linaweza kukumbushana siku ya kupima watoto kama linavyokumbushana michango ya harusi.

Na kijiweni, baada ya kumaliza ya mafuta na ya uchaguzi, mmoja wao aulize: mwanao ana kilo ngapi mwezi huu?