Masanduku ya Bahati Katika Michezo ya Simu: Mauzo au Maysir?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba wake.

Ama baad. Mzazi mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri, simu mkononi na mwanawe wa miaka 12 pembeni. Pesa za ada zilizowekwa katika simu ile zilikuwa zimepungua mara tano ndani ya siku nne. Kila mara mtoto alinunua "almasi" za mchezo, na kwa almasi hizo akafungua masanduku. Baba alitaka tumwambie mtoto kuwa amecheza kamari. Mtoto, kwa adabu kabisa, akajibu kuwa ile si kamari, kwani kila sanduku lina kitu ndani yake, hakuna atokaye mikono mitupu, na kinachopatikana hakigeuzwi kuwa pesa. Tukamwomba atuonyeshe, kwa sababu hatukuwa tumewahi kuuona mchezo wenyewe, na mashekhe zetu walitufundisha kuwa hukumu ya kitu hutanguliwa na kukifahamu.

Tuseme kwanza kuwa hoja ya mtoto huyu si ya kipuuzi. Ndiyo hoja waliyoitoa wenye makampuni makubwa mbele ya serikali za Ulaya, na baadhi ya serikali zimeikubali. Uingereza, mwezi Julai 2022, iliamua kutoyaingiza masanduku haya katika sheria yake ya kamari. Uholanzi iliitoza kampuni moja faini ya euro milioni 10, lakini Machi 2022 mahakama yake ya juu ya mambo ya utawala ikaifuta. Ubelgiji ilikwenda njia nyingine: Aprili 2018 tume yake ya michezo ya kamari ilitangaza kuwa masanduku ya kulipia katika michezo mitatu, ukiwemo ule maarufu wa mpira FIFA 18, yanavunja sheria, na mwanzoni mwa 2019 sarafu za kununulia vifurushi vya wachezaji wa mpira zikaacha kuuzwa huko. Basi ikiwa mataifa yenye wanasheria wengi yamekhitilafiana, tusimkemee mtoto bila ya kumpa dalili.

Mambo yanayolipiwa katika michezo hii ni ya namna kadhaa, na kuyachanganya ndiko kunakoleta fatwa za haraka. Kuununua mchezo kwa bei iliyotajwa ni mauzo. Kulipia huduma ya mtandao kwa mwezi, iwe ya michezo au ya darsa za Qur'ani, ni ijara: manfaa yanajulikana, muda unajulikana na ujira unajulikana. Kununua vazi la mchezaji unaloliona kwa macho yako, kwa bei unayoijua, nako asili yake ni mauzo, na tusiseme kuwa picha si mali. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilizikubali haki zisizoshikika, kama za utunzi na jina la biashara, kuwa ni mali yenye thamani kisheria. Ama kuwa ni israfu au si israfu, hilo hutegemea hali ya mnunuzi, na baba mwenye deni la duka hafanani na asiyekuwa nalo. Haya yote tunayapita, kwa sababu tatizo haliko hapa.

Tatizo ni sanduku. Mnunuzi analipa, kisha ndipo anajua alichonunua. Hili lina mfano wa zamani. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza mauzo ya kokoto na mauzo ya gharari. Katika tafsiri walizozitaja wanazuoni juu ya mauzo ya kokoto ni mtu kusema: nimekuuzia katika nguo hizi ile itakayoangukiwa na kokoto nitakayoirusha. Tazama vizuri. Mnunuzi yule naye hakosi nguo! Nguo zipo, zinaonekana, na moja lazima atoke nayo. Pamoja na hayo mauzo yamebatilika, kwa kuwa haijulikani ni ipi iliyouzwa. Basi neno la kuwa "kila sanduku lina kitu" halikuliondoa sanduku katika katazo, bali limeliweka pale pale lilipo kokoto.

Wapo wanaosema kuwa siku hizi kampuni hueleza uwezekano wa kupata kila kitu. Ni kweli. China iliyalazimisha makampuni kufanya hivyo tangu Mei 2017, na Apple ikaweka sharti hilo mwishoni mwa mwaka huo. Lakini kujua kuwa vazi la dhahabu hutoka mara moja katika mia si kujua kuwa umenunua vazi la dhahabu. Mwenye kokoto naye angeweza kukuhesabia nguo zake.

Imebaki hoja ya pili, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike: kwamba hakuna pesa inayorudi, basi kamari iko wapi? Hapa inafaa turudi kwenye maysir yenyewe kama walivyoicheza Waarabu wa Jahiliya, maana wengi wetu tunaitamka katika aya ya 90 ya Suratul-Maida bila ya kujua ilikuwaje. Walikuwa wakinunua ngamia kwa mkopo, wakamchinja na kumgawa mafungu. Wengine wamesema kumi, wengine ishirini na nane. Kisha huchukuliwa mishale kumi. Saba kati yake ina sehemu, kuanzia al-fadh wenye sehemu moja mpaka al-mualla wenye sehemu saba, na mitatu ni mitupu. Mishale hutiwa katika mfuko na mtu muaminifu akaitoa mmoja mmoja kwa jina la kila mchezaji. Aliyetokewa na mshale mtupu hakupata nyama, na juu yake ikawa kulipa bei ya ngamia.

Na aliyeshinda alifanya nini? Wafasiri wametaja kuwa hakuwa akiila nyama ile. Akiwagawia mafakiri, na faida yake ilikuwa ni kujifakharisha mbele ya watu. Asiyeingia mchezoni waliita "baram", yaani bahili, na hilo lilikuwa tusi kwao. Basi mshindi wa maysir ya asili hakurudi nyumbani na kitu mfukoni. Alirudi na jina. Na Mwenyezi Mungu ameiita uchafu katika kazi ya shetani, na katika aya inayofuata akataja uadui, chuki na kuzuiwa na dhikri na sala, wala hakuifunga hukumu kwa sharti kuwa mshindi achume pesa.

Tulimuuliza mtoto: vazi lile linakufaa nini mchezoni, linakupa nguvu? Akasema hapana, ila asiyekuwa nalo wenzake humcheka. Tukamweleza habari ya baram, na baba yake akacheka kabla yake.

Kwa hiyo tunaloliona ni kuwa kununua sanduku lisilojulikana kilichomo ni haramu, kwa gharari iliyomo na kwa kufanana kwake na maysir. Sanduku linalotolewa bure kwa mwenye kucheza, bila ya kulipiwa kwa pesa wala kwa almasi zilizonunuliwa, halimo katika hukumu hii, kwa kuwa hapana mali iliyowekwa hatarini. Ni hiba, ingawa twajua kuwa hutolewa ili mtu aonje.

Jambo jingine lililo karibu zaidi na wengi wetu ni vile vibanda vya michezo mitaani, ambapo vijana wawili hucheza mpira kwenye skrini na aliyefungwa akailipia mechi. Maimamu wengine hawalioni, pengine kwa udogo wa fedha yenyewe. Lakini kila mmoja ameingia akiwa ama analipa yote ama halipi kitu, na hiyo ndiyo sura ya kamari. Wakigawana bei nusu kwa nusu, au mmoja akalipa kwa ukarimu wake bila ya kungoja matokeo, limeondoka.

Ama zile pesa za ada: katika madhehebu ya Imam Shafi (Allah amrehemu) mauzo ya mtoto ambaye hajabaleghe hayasihi, hata akiwa na utambuzi. Mahanafi huyasihisha ya mwenye utambuzi kwa idhini ya walii, na hapa idhini haikuwepo. Baba ana haki ya kudai arejeshewe, na asione haya kuiandikia kampuni. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, ilikubali nchini Marekani kulipa dola milioni 245 za kuwarejeshea wateja, baada ya kulaumiwa, pamoja na mengine, kuwaachia watoto wanunue bila ya idhini ya wazazi. Akikataliwa, hasara ni yake yeye aliyempa mtoto namba ya siri ya simu. Na aya ya 5 ya Suratun-Nisaa, inayokataza kuwakabidhi mali wasioweza kuiendesha, iliteremka kabla ya simu.

Namba ile imeshabadilishwa. Wallahu a'alam.