Fisi na Gunia la Kilo 38

Paukwa? Pakawa!

Kimulot, eneo bunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, karani wa kituo cha majani chai hapimi kitu kabla ya kukagua. Humwaga majani, akayapekua kwa vidole. Kama ni majani mawili na chipukizi, yanakwenda kwenye mizani. Kama yamekomaa yakawa magumu, yanarudi na mwenyewe. Mtoto wa huko ameyaona hayo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, kwa hiyo nusu ya somo langu la fomula ya IF anaijua tayari.

Basi Sungura akapewa ukarani, akaja na kompyuta. Aliahidi zawadi ya sukari kwa kila atakayefikisha kilo 40 kwa siku. Akafungua lahajedwali la Excel: safu ya A majina, safu ya B kilo, na katika safu ya C akaandika:

=IF(B2>40,"Sukari","Hakuna")

Isomeni polepole, wanangu. IF inauliza: je, namba iliyo kwenye B2 (safu ya B, mstari wa pili) inazidi 40? Baada ya koma ya kwanza kuna jibu la ndiyo. Baada ya koma ya pili, jibu la hapana.

Kobe alichuma tangu umande haujakauka, akaleta kilo 40 kamili. Kompyuta ikasema: Hakuna.

"Bwana Karani," akauliza Kobe, "uliahidi kufikisha 40 au kupita 40?"

Sungura akakuna sikio. Alama > haiihesabu 40 yenyewe. Akaibadilisha ikawa >=, yaani kufikia au kuzidi, na Kobe akapata sukari yake. Fomula nyingi huharibikia hapo hapo mpakani, wala si kwenye hesabu ngumu.

Akaja Fisi na kilo 38. Sungura alikuwa amewaachia wachumaji waandike kilo zao wenyewe (uzembe huo, mkiniuliza mimi). Fisi akaandika: kilo 38. Kompyuta ikajibu: Sukari!

Kwa nini? Namba ikichanganyika na herufi, Excel kwa kawaida huichukua kuwa maandishi, na maandishi yakilinganishwa na namba huhesabiwa kuwa makubwa kila mara. Hata angeandika kilo 2, Fisi angelamba sukari.

Sungura akafunga mlango hivi:

=IF(AND(ISNUMBER(B2),B2>=40),"Sukari","Hakuna")

ISNUMBER huuliza kama kilichoandikwa ni namba tupu. AND hutaka masharti yote mawili yatimie. Moja likikosekana, hakuna zawadi. Mwingereza George Boole alikwisha kuyageuza mambo haya ya ndiyo na hapana kuwa hesabu katika kitabu chake cha 1854, zamani kabla ya kompyuta za leo.

Sukari ya Fisi haikurudi. Alikuwa ameshailamba yote.

Sasa jaribuni wenyewe. Andikeni 39, 40, 41, kisha kilo 38, moja chini ya nyingine kwenye safu ya B kuanzia B2, mnakili fomula hadi mstari wa mwisho, mwone kila fomula inampa nani sukari.