Pangani: Mji Mdogo Mdomoni mwa Mto

Mama akitajiwa matembezi ya familia wakati wa likizo, mara nyingi mawazo yake huenda Zanzibar au kwenye hoteli za Bagamoyo. Kisha huufikiria mfuko wake, na mazungumzo huishia hapo. Mama msomaji, upo mji mwingine wa pwani usiosemwa sana. Ni Pangani, katika Mkoa wa Tanga, kilometa 50 hivi kusini mwa Tanga mjini. Mji wenyewe unaweza kuuzunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali, hata ukiwa na mtoto mgongoni. Hauna maduka makubwa wala bembea za watoto. Una mto, bahari, minazi, nyumba kuukuu za mawe, na habari ambazo ni vizuri watoto wetu wazisikie kutoka vinywani mwetu kabla hawajazikariri kwa ajili ya mtihani.

Kwa miaka mingi barabara ya kutoka Tanga ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Kazi ya kuitia lami ilianza mwaka 2019. Njiani utapita kwenye mashamba ya mkonge na minazi, halafu ghafla unaona maji mapana ya rangi ya udongo, na ng'ambo yake kilima cha kijani. Hapo umefika. Mto Pangani unaingia baharini ukiwa umesafiri kilometa 500 hivi, na maji yake mengine yalianza safari juu kabisa, kwenye Mlima Kilimanjaro na Mlima Meru. Waambie watoto hivyo wakiwa wamesimama ukingoni. Mtoto anayejua Kilimanjaro kwa picha tu hushangaa kusikia kwamba maji yanayopita mbele yake yametoka huko.

Nyumba za mawe na waliozijenga

Anza na barabara ya kando ya mto. Huko ndiko ziliko nyumba za zamani: Boma, jengo la forodha, maghala, na nyumba za ghorofa za wafanyabiashara Waarabu na Wahindi. Boma inasemwa lilijengwa na tajiri wa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 19, na Wajerumani walipoingia wakalifanya la serikali. Itazame milango yake ya nakshi. Mtoto atauliza tu: nani aliichonga? Na baada ya hapo atauliza: nani alibeba mawe?

Hapa mama hana budi kuamua atasema nini. Wako wanaoona ni afadhali kumfurahisha mtoto na mchanga na mawimbi, mambo ya utumwa ayasikie akikua. Mimi sikubaliani nao. Mtoto wa miaka tisa au kumi anayejua habari ya Yusufu kuuzwa na ndugu zake amekwisha kusikia jambo hili. Linalobaki ni kumwonyesha kwamba lilitokea pia hapa, kwa watu wenye majina kama ya bibi zake.

Pangani ya karne ya 19 ilikuwa mji wa tajiri. Misafara ya pembe za ndovu iliondokea hapa kwenda bara. Wazungu Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857 wakipanda mto kuelekea Usambara. Kandokando ya mto palikuwa na mashamba ya miwa, na waliolima, kukata na kukamua miwa hiyo walikuwa watumwa. Mwaka 1873 watumwa wengi wa mashamba hayo waliasi, wakakimbia na kujijengea kijiji chao wenyewe chenye ngome. Mwaka huohuo Sultani wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Lakini biashara haikukoma siku hiyo. Kwa miaka kadhaa watu waliendelea kuvushwa kwa siri, usiku, kutoka mwambao huu hadi Pemba, ambako mashamba ya karafuu yalihitaji mikono.

Bibi Wanakhucha

Kuna habari moja ambayo mtu akisimama pale ukingoni na watoto wake hawezi kuiruka.

Ng'ambo ya mto, kusini na magharibi, ndiko kwenye nchi ya Wazigua, Handeni na Kilindi. Katika miaka ya 1830 mvua ziliwanyima, njaa ikawa kali. Wazigua waliteremka pwani kutafuta chakula. Wengine walijiweka rehani, wengine waliweka rehani watoto wao, wakitumaini kuwakomboa mvua zikirudi. Masimulizi ya wazee yanasema wako walioambiwa kwamba kwenye nchi ya mbali kuna kazi na chakula tele, wakapanda majahazi kwa hiari yao wenyewe katika bandari za mwambao huu. Waliposhuka walijikuta Somalia, wameuzwa.

Mwanamke mwenye mtoto anayelia njaa hahitaji kuelezwa jinsi mama mwenzake alivyofika kukubali jambo kama hilo. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 47, Wamisri nao walifika mahali pa kujitoa wenyewe na mashamba yao ili wapate nafaka. Njaa haimwachi mtu na mengi ya kuchagua.

Ila Wazigua wale hawakupotea. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke mmoja, Wanakhucha, aliyekuwa mwonaji. Yeye ndiye aliyewaongoza kutoroka utumwani, wakiwa na nia ya kurudi nyumbani kwa miguu, wakifuata pwani kuja kusini. Hawakufika. Walikaa kando ya Mto Juba, msituni, wakalima, wakapigana na waliotaka kuwarudisha, na wakaendelea kusema Kizigua. Wajukuu na vitukuu walizaliwa huko, wakaambiwa kwamba kwao ni mahali panapoitwa Uzigua.

Vita ya Somalia ilipowaka mwaka 1991, baadhi yao walikimbia, na safari hii wakaja Tanzania. Walipofika Handeni waliweza kuzungumza na wenyeji, ingawa zaidi ya miaka 150 ilikuwa imepita. Walipewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye zaidi ya elfu moja wakapewa uraia wa Tanzania. Wengine, pamoja na jamii nyingine za Wabantu wa Somalia, walipelekwa Marekani kuanzia miaka ya 2000, na huko ziko nyumba ambamo Kizigua kinasemwa mpaka leo.

Mimi nadhani jina la Wanakhucha lingestahili kubandikwa kwenye ukuta fulani pale kando ya mto.

Bendera ya Wajerumani

Watoto wa shule watakuwa wamekwisha kumsikia Abushiri bin Salim. Vita vyake vilianzia Pangani. Mwezi Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani, ikiwa na mkataba wa Sultani mkononi, ilikuja kutwaa forodha na kupandisha bendera yake. Mtu wa kampuni, Emil von Zelewski, aliwadharau liwali na watu wa mji, na mji ukachafuka. Uasi ulienea mwambao wote wa Mrima. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi. Pangani ilitekwa tena Julai 1889, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa papo hapo Pangani. Mshairi Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliviandika vita hivi katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima.

Mwambie mtoto yote, na hili pia: Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa na watumwa. Alipigana na wageni waliokuja kutawala, lakini si kwa ajili ya uhuru wa kila mtu. Kisha kuna jambo ambalo historia ya misheni ya UMCA inalisimulia. Askofu Smythies aliposhukia Pangani mwaka 1888, mji ukiwa umewaka hasira dhidi ya kila Mzungu, Abushiri huyo alimwekea ulinzi asidhuriwe. Watoto hupenda kujua nani alikuwa mwema na nani mbaya. Pangani haitoi jibu la haraka namna hiyo, na hilo lenyewe ni zuri kwao.

Baada ya miwa ukaja mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 yalitoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge wakati wa Uhuru. Kamba za nailoni zilipoenea, bei ikaanguka, na Pangani ikarudi kwenye minazi na samaki.

Tule nini, tuvuke wapi

Kula hakutakuwa taabu. Jioni wavuvi wakirudi utapata kamba, ngisi, pweza na changu. Sokoni na kwenye vibanda akina mama huuza samaki wa kukaanga, maandazi, vitumbua na wali wa nazi. Ushauri wangu ni kwamba usibebe chakula chote kutoka nyumbani kwenye masufuria. Nunua kwao. Fedha ya matembezi ikibaki mkononi mwa mama mchuuzi, inalipa ada ya mtoto wake.

Kumbuka pia kwamba wenyeji wengi ni Waislamu. Khanga ya kujitanda ukipita mjini ni heshima ndogo isiyokugharimu kitu, na watakupokea kama ndugu. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni.

Kuvuka kwenda Bweni, upande wa kusini, njia ya miaka yote imekuwa pantoni, na kwa mtoto wa bara hakuna starehe kuishinda: magari, baiskeli, vikapu vya samaki na mbuzi, wote pamoja juu ya maji. Katika miaka hii ya 2020 daraja la urefu wa mita 525 limekuwa likijengwa hapo, ili barabara ya pwani ifike Bagamoyo. Kwa hiyo kama unataka wanao wapande pantoni, usikawie. Ukifika Bweni panda kilima. Kutoka juu utauona mji wote, mto, na mahali ambapo maji ya udongo yanakutana na ya buluu.

Usiwaache watoto waoge mtoni. Mkondo ni mkali na mamba wapo. Baharini waoge wakisimamiwa, na uwaulize wavuvi kwanza saa za maji kujaa na kupwa. Vyandarua msisahau, mbu wa mtoni hawana likizo.

Kisiwa na chumvi

Ukiwa na nafasi ya mashua, nenda Maziwe wakati wa maji kupwa. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa wengi walikuja kutaga mayai huko. Kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Lakini mawimbi yaliula mchanga, miti ikaanguka, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 hapakuwa na mti hata mmoja. Sasa ni fungu la mchanga mweupe linaloonekana saa chache na kufunikwa tena. Kasa bado huja kutaga palepale, na mayai yao huhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasifunikwe na maji.

Mto nao una shida yake, na hii inatugusa sisi wa mijini. Maji yake hunywesha mashamba mengi huko juu, hukusanywa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha huzungusha mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza mwaka 1964, na ya Maporomoko ya Pangani, ya mwaka 1995, yenye megawati 68. Kinachofika mdomoni ni pungufu. Mto ukilegea, bahari hupanda juu yake. Maji ya chumvi yameingia ndani kilometa nyingi. Minazi ya kingoni imekufa, na watu waliokuwa wakichota maji ya mto kwa kupikia huonja chumvi. Nawe unajua ni nani katika nyumba anayetembea mbali zaidi maji yakiharibika.

Ukienda na pantoni asubuhi, bahari ikiwa imejaa, mwambie mtoto achovye kidole na kuonja. Halafu mwonyeshe minazi iliyosimama bila vichwa.