Siri ya Hadithi na Siri ya Ubovu

Ndugu wasomaji wetu mlio katika jeshi na polisi, hatuna haja ya kuwaeleza maana ya amri iliyofungwa katika bahasha, isiyofunguliwa kabla ya saa iliyotajwa. Lakini huenda wengi wenu hamjapata kusikia kwamba amri za namna hiyo hutolewa pia katika biashara ya michezo ya kompyuta, ile ambayo vijana huicheza baada ya kazi, na kwamba wanaofungwa nazo ni waandishi.

Jambo lenyewe huenda hivi. Kabla mchezo mpya haujaanza kuuzwa, kampuni inayoutoa huwapa wahakiki nakala bila malipo, mara nyingi juma moja au mawili mbele, wapate kuucheza na kuandika maoni yao. Mhakiki naye hukubali masharti: asitangaze lolote kabla ya siku na saa fulani, wala asifichue mambo makuu ya hadithi, kama vile nani atakufa au nani ni msaliti. Anayevunja masharti aweza kunyimwa nakala siku nyingine.

Sisi hatuoni kosa katika hayo. Mtu aliyetoa fedha zake ili afuate kisa kwa saa 50 ana haki ya kuufikia mwisho wake bila kusimuliwa na mwingine. Hata hivyo wapo wanaopita kiasi. Mwezi Aprili 2017 kampuni ya Atlus ya Japani, ilipotoa mchezo wa Persona 5 katika nchi za Magharibi, iliwakataza hata wanunuzi wa kawaida kuonyesha kwenye intaneti sehemu yoyote iliyo baada ya tarehe 7 Julai katika kalenda ya mchezo wenyewe, na ikawaonya kwamba wangeweza kuadhibiwa. Malalamiko yakawa mengi, na kabla mwezi haujaisha mpaka ule ukasogezwa hadi tarehe 19 Novemba ya kalenda hiyo hiyo.

Lakini siri ya hadithi ni kitu kimoja, na siri ya ubovu ni kitu kingine kabisa. Afisa anayeficha mpango wa shambulio anatimiza wajibu wake. Mtunza ghala anayeficha kwamba viatu vipya vya kikosi vinabanduka soli, huyo tunamwita kwa jina jingine.

Mwezi Novemba 2014 Ubisoft ya Ufaransa ilianza kuuza Assassin's Creed Unity usiku wa manane huko Marekani, ilhali wahakiki walizuiwa kusema hadi adhuhuri yake. Waliokwisha kununua wakajionea wenyewe hitilafu zilizojaa humo.

Zaidi ya hayo ni kisa cha Cyberpunk 2077 cha kampuni ya CD Projekt ya Poland. Watu milioni 8 walikwisha kuuagiza kabla haujatoka. Wahakiki waliandika tarehe 7 Desemba 2020, na sifa zilikuwa nyingi. Lakini nakala walizopewa zilikuwa za kompyuta tu, wala hawakuruhusiwa kuonyesha picha walizozipiga wenyewe, ila zile zilizotayarishwa na kampuni. Hivyo mwenye mashine ya zamani, PlayStation 4 au Xbox One, hakuwa na njia ya kujua atakachouziwa. Mchezo ukatoka tarehe 10. Katika mashine hizo ulikwama na kuzimika ovyo, na wanunuzi wakadai fedha zao. Siku nne baadaye kampuni ikaomba radhi hadharani kwa kutouonyesha mchezo katika mashine hizo mapema. Radhi hiyo haikutosha: kabla majuma mawili hayajatimia, Sony iliuondoa mchezo katika duka lake la intaneti na kuahidi kurudisha fedha za walionunua humo.

Ulirudishwa dukani tarehe 21 Juni 2021, safari hii ukiwa na onyo kwa wenye PlayStation 4 kwamba hitilafu zaweza kuendelea.